Sura ya Tano: Chupa Inayolia

Chupa ya PrEP hulia. Ni chupa nyeupe ya plastiki yenye vidonge 30 vya kukinga virusi vya Ukimwi, na ukiitia mkobani ukapanda matatu, jirani yako wa kiti atajua umebeba dawa kabla gari halijafika kituo cha pili. Wasichana wanaoitumia waliligundua hilo mapema kuliko waliowaandikia. Wakajitafutia mbinu: huyu anashindilia pamba ndani ili vidonge visigongane, yule anavimimina kwenye kipochi cha vipodozi, mwingine anavifunga kwenye karatasi na chupa yenyewe anaiacha kwenye pipa la taka la kliniki.

Sauti hiyo ndogo imewashinda wataalamu wengi. Katika sura iliyopita tuliona jinsi kidonge kinavyofanya kazi: tenofovir na emtricitabine, dawa zilezile zinazotumika kumtibu mwenye virusi vya Ukimwi, hutangulia kuingia mwilini mwa asiye navyo, na virusi vikija havipati pa kuzalia. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2012, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kinga hiyo mwaka 2015 kwa kila aliye katika hatari kubwa, na Kenya ikaanza kuigawa nchini mwaka 2017. Palikuwa na furaha ya aina yake. Kondomu huvaliwa na mwanamume, na mwanamke kazi yake ni kuomba, kubembeleza au kunyamaza. Kidonge hakiombi ruhusa ya mtu. Msichana atakimeza kwa maji, mwenyewe, saa anayotaka, na mwanamume hatakuwa na la kusema kwa kuwa hatakuwa na la kujua.

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye miradi. Sasa chukulia binti wa miaka 21 anayeishi Nyalenda, Kisumu, katika chumba kimoja cha mabati ambacho kodi yake inalipwa na mwanamume wa miaka 30 anayekuja mara tatu kwa wiki. Chumbani mna kitanda, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, kamba ya nguo na begi moja. Chupa utaificha wapi?

Swali hili lina historia, na historia yenyewe imeandikwa kwa damu, maana ilibidi damu ipimwe ndipo ukweli ujulikane. Mwaka 2008 jaribio lililoitwa Partners PrEP lilianza Kenya na Uganda. Waliandikishwa wanandoa 4,747, mmoja akiwa na virusi na mwenziwe akiwa hana. Matokeo yalipotoka mwaka 2011 watu walishangilia: tenofovir peke yake ilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, na ikichanganywa na emtricitabine, kwa asilimia 75. Wanawake nao walikingwa vizuri, asilimia 71 kwa dawa moja na 66 kwa mbili.

Mwaka huohuo jaribio jingine, FEM-PrEP, lilisimamishwa kabla ya wakati. Lilikuwa na wanawake wapatao 2,100, wengi wao vijana, wa Bondo nchini Kenya, wa Afrika Kusini na wa Tanzania. Waliopewa dawa na waliopewa kidonge kisicho na dawa waliambukizwa karibu sawa. Kisha likafuata la VOICE, wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, nalo likatoa jibu lilelile: hakuna kinga. Vidonge ni vilevile, na bara ni lilelile.

Walipopima damu wakaelewa. Katika Partners PrEP, dawa ilionekana kwenye asilimia 82 ya sampuli za watu ambao hawakuambukizwa. Katika FEM-PrEP haikufika 40. Katika VOICE ilikuwa kama 30, ingawa wanawake wenyewe walikuwa wamewaambia watafiti kwamba wanameza karibu asilimia 90 ya vidonge, na hesabu ya vidonge vilivyorudishwa kliniki ikakaribia kuwaunga mkono. Maana yake kuna vidonge vilivyomwagwa njiani kabla ya kufika kwa nesi. Waliomeza kidogo kuliko wote walikuwa wasichana wa chini ya miaka 25 ambao hawajaolewa. Hao ndio waliokuwa wakiambukizwa kwa kasi ya asilimia 8.8 kwa mwaka, wakati wenzao wenye umri mkubwa na walioolewa walikuwa kwenye asilimia 0.8.

Wenye haraka walisema wasichana ni wazembe. Mimi sikubali, na sababu yangu ni mpangilio wa chumba cha kliniki. Katika Partners PrEP viti vilikuwa viwili. Mume na mke walipimwa pamoja, wakapewa majibu pamoja, wakashauriwa pamoja. Kidonge cha kinga kilikuwa kidonge cha nyumba nzima, na swali la "umekunywa?" liliulizwa mezani kama linavyoulizwa swali la chumvi. Katika VOICE kiti kilikuwa kimoja. Mwanamke alikuja peke yake, akaondoka na kitu ambacho hata yeye hakujua kama ni dawa au ni unga mtupu, akarudi kwa mtu ambaye hakuulizwa wala hakuelezwa chochote. Zilikuwapo sababu nyingine: kichefuchefu cha wiki za mwanzo, kutoamini kwamba yumo hatarini, uvumi wa mtaani kuhusu watafiti. Lakini watafiti wa VOICE walipokwenda Johannesburg kuwahoji wanawake pamoja na baadhi ya wenzi wao, habari ya mwanamume iliibuka katika karibu kila mlango waliobisha.

Nikiri jambo moja lisije likanisuta baadaye. Katika ndoa zile za Partners PrEP, asiyekuwa na virusi mara nyingi alikuwa mwanamume. Kwa hiyo mfano ule wa nyumba yenye maelewano ulijengwa pia na wake waliowakumbusha waume zao kumeza. Bado haujapatikana utafiti mkubwa ambamo wanaume wengi kiasi hicho wanakaa kuwakumbusha wasichana wa miaka 20.

Mwanamume anayeikuta chupa ana njia tatu za kuisoma.

Ya kwanza: wewe ni mgonjwa. Hapa simlaumu sana, kwa sababu chupa inafanana na za ARV, na jina lililo kwenye lebo ni mojawapo ya majina anayoyajua kila mtu mwenye ndugu anayetibiwa. Miaka ya mwanzo, kliniki nyingi za Kenya ziliitoa PrEP katika vyumba vilevile wanamochukulia dawa wenye virusi, benchi moja, foleni moja. Msichana akionekana pale na shangazi wa jirani, habari humtangulia nyumbani.

Ya pili: wewe ni malaya. Dawa ya kukinga inakukinga na nani, kama mimi ndiye mtu wako?

Ya tatu ni kwamba unadhani mimi ndiye nitakayekuletea. Hii ndiyo inayozua ugomvi mkubwa kuliko zote, na nadhani ni kwa sababu mara nyingi ina ukweli ndani yake. Tulio Kusini mwa Sahara tunajua kwa tarakimu. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2023, kila wiki wasichana 3,100 wa miaka 15 hadi 24 waliambukizwa katika ukanda huu. Wanaambukizwa na nani? Huko KwaZulu-Natal watafiti walilinganisha vinasaba vya virusi vya watu wengi wa eneo moja ili kuona nani yuko karibu na nani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Virusi vya wanawake wa chini ya miaka 25 vilihusiana na vya wanaume waliowazidi kwa wastani wa miaka 8.7. Wanaume hao nao walikuwa na uhusiano na wanawake wa rika lao, ambao wengi walikuwa wameambukizwa miaka iliyotangulia. Msichana wa leo akishaambukizwa, baada ya miaka kumi anakuwa mwanamke wa rika hilo, na gurudumu linazunguka tena.

Kisumu haina tofauti kubwa. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2018 ulikuta wanawake asilimia 6.6 wana virusi, na wanaume 3.1. Homa Bay watu wazima walio navyo walifika asilimia 19.6, Kisumu 17.5. Katika kaunti kama hizo, msichana anayemeza kidonge hajamtukana mtu. Amepiga hesabu tu.

Hesabu hiyo lakini inaweza kumgharimu meno. Watafiti wa Partners PrEP walirudi kwenye takwimu zao kuangalia ukatili wa nyumbani, wakakuta kwamba mwanamke aliyepigwa, kutukanwa au kunyanyaswa kiuchumi na mwenzi wake katika miezi mitatu iliyopita alikuwa na hatari kubwa zaidi, karibu mara moja na nusu, ya kutomeza dawa ipasavyo. Na hao ni wanawake waliokuwa wameketi kliniki pamoja na waume zao. Wengine walisema walikimbia nyumba bila kubeba dawa, wengine dawa ilitupwa na mume. Kiti cha pili, kumbe, hakimgeuzi kila anayekikalia.

Ndiyo maana huwa nashtuka ninaposikia ushauri ule mwepesi wa kliniki, "mwambie mwenzako, mwelewane." Unatolewa kwa nia njema na nesi aliyechoka mwenye watu arobaini nje. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu mficha kinga. Kuna msichana ambaye akimwambia mwenzi wake atapata msaidizi, na kuna ambaye akimwambia atapata jicho lililovimba, na anayewajua wawili hao kwa tofauti zao ni wao wenyewe. Mshauri mzuri huuliza kwanza: mtu wako akikasirika hufanyaje? Jibu la hapo ndilo linalosema kama chupa itawekwa mezani au itafungwa kwenye karatasi.

Mkono wa mwanamume pia umo mahali ambapo chupa haionekani kabisa. Nauli ya kwenda kliniki hutoka kwake. Simu ni yake, au alinunua yeye, na ana mazoea ya kuishika. Akisema "kesho nakuja," kesho haiendwi kliniki. Kando ya Ziwa Viktoria kuna neno la Kijaluo, jaboya, linalotaja mpango ambao mchuuzi wa samaki hulazimika kulala na mvuvi ili auziwe samaki, na fedha juu yake anatoa vilevile. Pale ufukweni mwanamke hana nguvu ya kudai kondomu, kwa sababu mtumbwi unaofuata una wateja wengine wanaosubiri. Kidonge kingemfaa sana. Lakini mvuvi huhamia ufuo mwingine samaki wakihama, mchuuzi humfuata, na kadi ya kliniki inabaki kwenye kituo alichoandikishwa.

Wataalamu walijaribu dawa ya kusahau. Kisumu na Thika waliwachukua wasichana 348 wa miaka 18 hadi 24, kila mmoja akapewa kopo la kielektroniki linaloandika kila linapofunguliwa, na nusu yao wakawa wanatumiwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha. Matumizi yalishuka mwezi baada ya mwezi katika miaka miwili, na waliokumbushwa hawakuwazidi wasiokumbushwa. Ingenishangaza kama ingekuwa vinginevyo. Anayeficha kitu hasahau kilipo.

Wako wanaume wa namna nyingine, na ni haki wasemwe. Tafiti za mahojiano kutoka Kenya, Uganda na Afrika Kusini zimejaa vijana waliompeleka mpenzi kliniki kwa boda boda, waliotoa nauli, waliomwambia "meza, mimi mwenyewe sijiamini." Kauli kama hiyo ya mwisho ningeipa nishani. Programu ya Kisumu iliyowafuata wasichana kwenye kliniki za uzazi wa mpango iliona kwamba waliokubali PrEP kwa wingi kuliko wote ni waliojua kwamba wenzi wao wana virusi. Mwanamume aliyesema hali yake alikuwa tayari ameshafanya nusu ya kazi.

Sindano ndiyo inayowapa wengi matumaini sasa, na sababu wanaielewa wanawake kuliko madaktari. Mama zetu na shangazi zetu walishaipitia njia hii. Vidonge vya kupanga uzazi vilifichwa kwenye kopo la unga, vikagunduliwa, vikawashwa moto. Ikaja Depo, sindano moja kwa miezi mitatu, na wake wa wanaume wakali wakanyamaza wakapumzika. Mwanamke akirudi kutoka kliniki ya mtoto, nani atajua amechomwa nini? Kwa hiyo sindano ya cabotegravir, inayodungwa kila baada ya miezi miwili, ilipojaribiwa kwa wanawake 3,224 katika nchi saba, Kenya na Uganda zikiwamo, iliacha vidonge mbali sana: walioambukizwa walikuwa 4 upande wa sindano, 36 upande wa vidonge. Halafu mwaka 2024 ikatangazwa lenacapavir, ya mara mbili tu kwa mwaka. Huko Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake 2,134 wa miaka 16 hadi 25 walidungwa, na hakuambukizwa hata mmoja. Kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya kawaida waliambukizwa 16. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025.

Sifuri ni namba nzuri. Ila nayo ina sauti yake ndogo: lenacapavir hudungwa chini ya ngozi, tumboni au pajani, na kwa wengi huacha kivimbe kinachoweza kudumu kwa miezi. Kivimbe hakionekani sana kwa macho. Mkono unaopapasa gizani ndio unaokikuta. Pete ya dapivirine, inayovaliwa ukeni mwezi mzima, ilikumbana na jambo hilohilo. Wapo walioivua kabla ya mwenzi kufika, kwa hofu kwamba ataihisi. Hakuna kifaa kitakachobuniwa ambacho kitamwingia mwanamke mwilini na kikabaki siri milele kwa mtu anayelala naye. Siri inaweza kumnunulia muda. Nami nasema anunuliwe muda huo kwa gharama yoyote, huku tukimshughulikia mwanamume mwenyewe.

Maana katika habari hii yote mwanamume amezungumziwa kama mvua: inakuja au haiji, mjiandae. Hakuna aliyemwandikia barua. Mabango yana sura za wasichana, bajeti zina majina ya wasichana, na yeye, ambaye virusi vinapitia kwake, anatajwa kwenye aya ya vikwazo. Inasemekana wanaume hawaji kliniki. Kisumu yenyewe inakanusha. Mwishoni mwa mwaka 2006 jaribio la tohara lililofanyika hapo lilionyesha kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu. Wajaluo kwa mila zao hawatahiri. Wazee walipinga, siasa ikaingia, maneno yakawa mengi. Serikali ilipoanza huduma hiyo mwaka 2008, ilimwita mwanamume waziwazi, kwa jambo la mwili wake mwenyewe, na mamia ya maelfu ya wanaume wa Nyanza wakaja. Walikuja kwa kuwa waliitwa wao.

Na wakifikiwa nyumbani wanaitika zaidi. Wanawake 600 wa Kisumu, wajawazito na waliojifungua karibuni, waligawanywa makundi mawili: moja likapewa vifaa vya kujipima virusi kwa ute wa ufizi wampelekee mwenzi, la pili likapewa karatasi za kumwalika kliniki. Katika miezi mitatu, wenzi waliopimwa walikuwa asilimia 91 kwenye kundi la vifaa, na 52 kwenye kundi la mialiko. Anayekutwa na virusi akaanza dawa na kuendelea nazo mpaka virusi visionekane tena kwenye vipimo vya damu, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Hiyo ni kinga ambayo msichana wa Nyalenda haimezi wala haifichi.

Mambo ya fedha yameharibika katikati ya safari. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Februari ilipoacha baadhi ya huduma za Ukimwi ziendelee, PrEP iliruhusiwa kwa fedha zake kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Binti wa miaka 21 asiye na mimba akaambiwa, kwa lugha ya waraka, apate mimba kwanza.

Sura hii itasomwa pia na wanaume, kwa hiyo namalizia kwako, ndugu yangu. Siku utakayokuta chupa nyeupe chini ya nguo zake, usianze na "ni nani?" Soma lebo. Irudishe ulipoitoa. Kisha pita kwenye duka la dawa au kituo cha afya, omba kifaa cha kujipima, rudi nacho, keti kitandani pale pale, pitisha kijiti kwenye ufizi wa juu na wa chini. Majibu hutoka baada ya dakika 20.